Televisheni Kupata Homa: Hata Gare Kwenye Baridi?

Na Mwandishi Wetu

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huliacha joto nyuma yake kona kwa kona. Mombo, chini kwenye tambarare, iko kwenye kimo cha mita mia nne na kitu kutoka usawa wa bahari. Lushoto mjini ni takriban mita 1,400. Wataalamu wa hali ya hewa hutufundisha kwamba kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6. Ndiyo maana msafiri aliyeondoka Mombo akijipepea kwa gazeti hufika Soni akifunga vifungo vya shati, na akiendelea hadi kata ya Gare, penye misheni kongwe ya Wakatoliki na mashamba ya kabichi, karoti na maharage, huanza kuulizia koti.

Kwa hiyo mtu angedhani kwamba maradhi ya televisheni kupata joto mno ni maradhi ya watu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambako jua huchoma na hewa haitembei. Gare, ambako mwezi wa Julai ukungu hukaa mabondeni hadi saa za asubuhi kupita, yangepata wapi nafasi? Lakini ndivyo yalivyo. Televisheni huungua pwani, na huungua milimani vilevile. Na ile iungulayo milimani aghalabu haikuuawa na hali ya hewa. Imeuawa na mambo ya nyumbani, ambayo mwenye nyumba angeweza kuyazuia bila kutoa hata shilingi moja.

Jambo hili si dogo. Kwa familia ya mkulima, televisheni hununuliwa kwa mavuno ya msimu mzima. Ikifa baada ya miaka miwili, ni maharage ya msimu mzima yaliyokufa pamoja nayo. Tena liko jambo zito kuliko fedha: chombo kilichozidiwa na joto huweza kuwasha moto usiku watu wamelala.

JOTO HUTOKA NDANI

Kwanza hatuna budi kuelewa joto lenyewe hutoka wapi. Umeme wote uingiao katika televisheni, isipokuwa sehemu ndogo sana itokayo kama mwanga na sauti, hugeuka kuwa joto. Televisheni ya zamani ya rangi, zile tuziitazo za chogo kwa sababu ya mgongo wake mrefu, ilikuwa ikitumia wati zipatazo 100, na zile zilizotumia valvu zilivuta zaidi ya hapo. Televisheni bapa za siku hizi zenye ukubwa wa inchi 32 hutumia kiasi cha wati 30 hadi 60. Kwa maneno mengine, mwenye televisheni ya chogo ameweka ndani ya sanduku balbu ya wati 100 inayowaka jioni nzima.

Wafugaji wa kuku wanalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Katika nyumba ya baridi, vifaranga hutengwa kwenye boksi au uzio mdogo, ikawashwa balbu au taa ya chemli, na juu hufunikwa kwa gunia ili joto lisitoroke. Baada ya muda mfupi vifaranga huwa wamestarehe ilhali nje watu wanatetemeka. Basi, televisheni iliyosukumwa ndani ya kabati lililobana na kufunikwa juu kwa kitambaa ni boksi la vifaranga. Baridi ya Gare iliyoko nje haiisaidii kitu, kwa kuwa haifiki ilipo.

Watengenezaji wa vyombo hivi waliliona hilo tangu mwanzo. Ndiyo sababu ya yale matundu unayoyaona chini na juu ya mgongo wa televisheni. Hewa ya baridi huingia kwa chini, hupita kwenye vifaa vilivyopata moto, huwa nyepesi, kisha hupanda na kutoka kwa juu, kama moshi upandavyo kwenye dohani. Hakuna feni wala mashine isukumayo hewa hiyo. Ni njia ya maumbile tu, na njia hiyo ikizibwa mahali pamoja, imezibwa yote.

Hapa watu wa milimani wana hasara ndogo ambayo wa pwani hawanayo. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye kimo cha mita 1,500, uzito wa hewa umepungua kwa kiasi cha sehemu moja katika sita ukilinganisha na ule wa Tanga mjini. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa China hubandikwa alama ya mlima ndani ya pembetatu pamoja na tarakimu 2000, maana yake kwamba vimekusudiwa kutumiwa mahali pasipozidi kimo cha mita hizo. Nyumba za Gare ziko chini ya mpaka huo, ingawa vilele vya Magamba vinavyoonekana kutoka huko vinaupita. Baridi ya mlimani hufidia upungufu huo kwa wingi, lakini kwa sharti moja tu: hewa ipewe njia.

KITAMBAA CHA HESHIMA

Katika nyumba zetu nyingi, televisheni ina heshima yake. Huwekwa mahali pa juu sebuleni na kuvishwa kitambaa cha kufuma alichokisuka mama mwenye nyumba kwa mkono wake, pengine na maua ya plastiki juu yake. Wengine huiweka ndani ya kabati lenye milango ya vioo, pamoja na vikombe vya wageni. Nia ni njema: kuzuia vumbi, masizi na mikono ya watoto. Lakini kitambaa hicho, wakati televisheni ikiwa imewashwa, ni mkono uliozibishwa puani.

Hatusemi akina mama watupe vitambaa vyao. Kitambaa kina kazi yake wakati chombo kimezimwa na kimekwisha kupoa, hususan miezi ya vumbi. Tunachosema ni kwamba kiondolewe kabla ya kuwasha, kama vile mtu avuavyo blanketi kabla ya kwenda kulima. Na king'amuzi kisikae juu ya televisheni ya chogo, wala juu ya king'amuzi kusirundikwe redio, kaseti na daftari za watoto. King'amuzi nacho kina joto lake. Tena wengi hukizima kwa rimoti tu, nacho hukaa na umeme usiku na mchana, kikiendelea kupata moto hali mwenyewe yuko shambani.

Ving'amuzi hivi vimekuwa vyombo vya kila nyumba yenye televisheni tangu nchi yetu ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba, 2012, Dar es Salaam ikitangulia na mikoa mingine ikifuata kwa zamu. Kwa hiyo pale palipokuwa na chombo kimoja cha kutoa joto, sasa pana viwili.

HESABU YA FUNDI

Ndani ya kila televisheni mna vifaa vidogo mfano wa mapipa, vinavyoitwa kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kwa kitambo kidogo na kuutuliza usitetereke. Nyingi katika hizo zina majimaji maalum ndani yake. Joto likizidi, majimaji hayo hukauka pole pole, na kapasita huvimba kichwani kama chapati iliyoingia hewa. Fundi akifungua mgongo wa televisheni iliyokufa, hapo ndipo aghalabu anapotazama kwanza.

Mafundi na wahandisi wana kanuni moja rahisi: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Tuchukue mfano wa kapasita iliyoandikwa kwamba itadumu saa 2,000 katika joto la nyuzi 85. Katika nyuzi 75 itadumu saa 4,000. Katika nyuzi 65, saa 8,000. Katika nyuzi 55, saa 16,000. Sasa tuseme familia inatazama televisheni saa 6 kila siku. Kwa nyuzi 75, kapasita hiyo haifikishi miaka miwili. Kwa nyuzi 65 itafika miaka mitatu na nusu na zaidi kidogo. Kwa nyuzi 55 itapita miaka saba.

Tofauti ya nyuzi 10 si kubwa. Kabati lililobana na kitambaa vyaweza kuileta. Basi mwenye nyumba na apige hesabu mwenyewe: kitambaa cha kufuma kinaweza kumgharimu nusu ya umri wa televisheni yake.

Televisheni bapa nazo hazikunusurika. Kioo chake hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake mna taa ndogo nyingi za LED zinazokimulika. Taa hizo zikipata joto mno huchakaa mapema. Dalili yake wengi wanaijua: sauti inasikika vizuri lakini kioo ni giza, au picha imekuwa na rangi ya buluu isiyo ya kawaida, au upande mmoja una kivuli. Wauzaji hupenda kuonyesha televisheni dukani mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho ili ivutie macho. Mnunuzi huipeleka nyumbani hivyohivyo. Kupunguza mwanga huo hata kwa theluthi moja, jambo lifanywalo kwa rimoti bila fundi, hupunguza joto, hupunguza umeme wa LUKU, na huongeza umri wa taa.

MOSHI, VUMBI NA UNYEVU

Nyumba za milimani zina maadui wengine. Jiko la kuni likiwa karibu na sebule, moshi huingia kila mahali, na masizi yake yana mafuta. Yakitua juu ya vifaa vya televisheni, huyashika mavumbi, na vyote pamoja huwa kama sweta iliyovishwa kitu kinachotaka kupoa. Mende na mijusi nao hupenda joto. Hujipenyeza kwa matundu ya mgongoni, hutaga humo, na pengine mmoja wao hufa akiwa ameunganisha sehemu mbili za umeme zisizopaswa kukutana.

Juu ya hayo uko unyevu wa ukungu. Televisheni iliyokaa wiki nzima bila kuwashwa katika miezi ya Juni na Julai hukusanya umande ndani yake. Kwa zile za chogo jambo hili ni la hatari, kwa sababu ndani yake mna umeme unaofikia volti 20,000 na zaidi, ambao huweza kuruka kwa cheche juu ya vumbi lililolowa. Chombo kinachowashwa kila siku hujikausha chenyewe kwa joto lake. Kilichofungiwa stoo ndicho kiozacho. Na televisheni iliyopandishwa kutoka mahali pa baridi kali na kuingizwa kwenye chumba cha joto isiwashwe papo hapo. Iachwe saa mbili tatu ikauke.

Watu wa pwani wana msiba wao wa aina hiyo, nao ni chumvi ya bahari. Zanzibar ndiyo iliyotangulia Afrika kusini mwa Sahara kuwa na televisheni ya rangi, mwaka 1973. Kenya ilikuwa imeanza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini si ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Hivyo mafundi wa Unguja walikuwa wa kwanza miongoni mwetu kupambana na joto, unyevu na hewa ya chumvi vikiwa pamoja, adui watatu ndani ya sanduku moja.

UMEME UNAOPANDA NA KUSHUKA

Umeme wetu umepangwa kuwa wa volti 230. Lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, hasa vijijini, hupata pungufu ya hapo saa za jioni kila mtu awashapo taa, pasi na mashine. Televisheni za kisasa hustahimili upungufu huo kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili zipate nguvu ileile, na mkondo mkubwa huzaa joto kubwa. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, huweza kuja na kishindo. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Mwenye uwezo anunue stabilaiza, lakini asiiweke chini ya televisheni, maana nayo hupata moto.

VIBANDA VYA KUTAZAMIA MPIRA

Mahali ambapo televisheni huteseka kuliko pote ni katika vibanda vya kutazamia mpira, vile ambavyo vijana wamevibandika jina la vibanda umiza. Paa ni la bati bila dari, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Mwili wa mtu mzima aliyekaa hutoa joto la kiasi cha wati 100. Watu 40 wakibanana humo siku ya mchezo wa Simba na Yanga, ni wati 4,000 za joto la watu peke yake, kabla ya kuhesabu bati lililopigwa na jua na televisheni yenyewe inayowaka tangu asubuhi. Vitabu vingi vya maelekezo husema chombo kitumike mahali pasipozidi nyuzi 40. Kibanda kama hicho, hata milimani, huweza kuupita mpaka huo. Mwenye kibanda afungue nafasi ya hewa chini ya paa pande mbili. Itawafaa watazamaji kama itakavyoifaa televisheni.

SI SISI PEKE YETU

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini au ya jua kali tu. Katika Urusi ya Kisovieti, nchi ya theluji, televisheni za rangi zilizowaka moto majumbani zilikuwa janga lililoandikwa magazetini katika miaka ya 1980. Na Oktoba 2011, kampuni ya Sony ya Japani ilitangaza kwamba televisheni zake zipatazo milioni 1.6, zilizouzwa sehemu mbalimbali za dunia, huenda zina kifaa kiwezacho kupata joto mno na kuyeyusha sehemu ya juu ya kasha. Ikiwa chombo cha kampuni kubwa katika nchi ya baridi chaweza kupata homa, chetu kilichozibwa pumzi kina udhuru gani?

DALILI ZA KUTAZAMWA

Televisheni haifi bila kuaga. Ikijizima yenyewe baada ya nusu saa na kuwaka tena ikisha kupoa, hiyo ni homa. Picha ya televisheni ya chogo ikianza kusinyaa pembeni, au ikitoa mlio wa kutatarika kama mafuta kikaangoni, ni homa. Taa nyekundu ikipepesa na chombo kisiwake, ni dalili ya kifaa cha umeme kilichochoka. Na harufu ya plastiki inayoungua haihitaji kusubiri mwisho wa taarifa ya habari: zima, chomoa, ita fundi.

Wala mtu asiyejua asifungue mgongo. Televisheni ya chogo huweka umeme ndani yake hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo umewahi kuwatupa chini mafundi wazoefu. Kazi ya mwenye nyumba ni nje. Ndani ni kwa fundi. Mwombe akupulizie vumbi walau mara moja kwa mwaka, wakati mzuri ukiwa baada ya kiangazi.

Mambo ya nje yenyewe ni machache. Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya televisheni na ukuta, na kila upande wake. Isikabiliane na jua la dirishani, wala isikae jirani na jiko. Ikiwa iko kabatini, toboa au ondoa ubao wa nyuma wa kabati. Usiiweke juu ya godoro au mto, maana matundu ya chini huzibwa. Usiku, zima soketini, siyo kwa rimoti. Waya mmoja usichomekwe vyombo vitano.

MOTO UKITOKEA

Ikiwa licha ya hayo moto umeshika, usimwage maji kwenye chombo chenye umeme. Kwanza zima swichi kuu ya nyumba. Ukiwa bado mdogo, funika kwa blanketi zito au mwagia mchanga. Ukishakuwa mkubwa, watoe watoto na wazee, funga mlango nyuma yako, na uite majirani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini mwananchi wa kijijini anajua kwamba gari la zimamoto haliwezi kufika kwenye kila kilima kwa dakika kumi. Ndiyo maana kwake kinga ni kubwa kuliko tiba.

Moshi wa plastiki hulevya na kuua haraka kuliko ndimi za moto. Watoto wanaoachwa sebuleni wakisinzia mbele ya kioo kinachowaka hadi usiku wa manane hawatasikia harufu wakiwa usingizini. Baba au mama atakayekuwa wa mwisho kulala, hilo liwe jukumu lake: aguse mgongo wa televisheni kwa kiganja, achomoe waya, ndipo afunike kitambaa chake asubuhi ikiwa imekwisha kupoa.